Barua ya mistari miwili

Barua yenyewe huwa fupi. Mfanyakazi aliyetajwa hapo juu anaacha kazi kwa hiari yake kuanzia leo. Anaushukuru uongozi kwa ushirikiano. Karani wa ofisi keshaipiga chapa, jina na tarehe vimejazwa kwa kalamu, na chini kuna sahihi ya mtu ambaye asubuhi ile alipanda kifodi kutoka Kwa Mrombo kwenda kazini bila wazo lolote la kuacha kazi. Ameambiwa akisaini atapewa mshahara wa siku zake na hati ya utumishi bila maneno mengi. Akikataa, milango ya mahakama iko wazi. Anasaini, maana mwisho wa mwezi kuna kodi ya chumba na ada ya mtoto. Kijana aliyesoma sheria, mwenye ndoto ya kuwatetea waliopoteza kazi Arusha na vijiji vya Meru, angeianza taaluma yake kwenye karatasi hii kabla ya kufikiria joho na kizimba. Kwetu, haki ya aliyepoteza kazi huamuliwa kwa kiasi kikubwa na namna kazi ilivyoisha, na jambo hilo huwa limeshaandikwa kabla wakili hajaitwa.

Tuupime uzito wa mistari ile miwili kwa hesabu. Tuchukue mpishi wa hoteli anayelipwa shilingi 390,000 kwa mwezi, siku sita kwa wiki, aliyefanya kazi miaka minane. Ukiugawa mshahara huo kwa siku 26 unapata shilingi 15,000 kwa siku. Mwajiri akiusitisha mkataba, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka kumi, isipokuwa kama ameachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu. Kwa miaka minane hiyo ni shilingi 840,000. Kisha lipo fao la kukosa ajira, lililoingia katika hifadhi ya jamii kwa mageuzi ya mwaka 2018, yale yaliyounganisha mifuko ya watumishi wa umma kuwa PSSSF na kuiachia NSSF sekta binafsi. Mwanachama aliyechangia angalau miezi 18 hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa miezi sita, sharti moja likiwa kwamba hakuacha kazi kwa hiari. Kwa mpishi wetu ni kama shilingi 130,000 kwa mwezi, jumla 780,000. Ukijumlisha, sahihi ile imemgharimu shilingi 1,620,000, na hapo hatujagusa fidia ya kuachishwa isivyo halali, ambayo sheria ya 2004 ilipotungwa haikuiruhusu kushuka chini ya mshahara wa miezi 12. (Sheria za kazi zilifanyiwa marekebisho mwaka 2025, na viwango vya fidia ni miongoni mwa yaliyoguswa. Anayenukuu kifungu kutoka nakala aliyoachiwa na kaka yake aliyemaliza chuo zamani atajiaibisha mbele ya mwamuzi.)

Fao hili lina historia ambayo mtetezi anatakiwa kuijua, kwa sababu wateja wake wanaikumbuka hata kama yeye alikuwa shule ya msingi. Zamani mtu akipoteza kazi alichukua michango yake yote: fao la kujitoa. Marekebisho ya sheria za hifadhi ya jamii ya mwaka 2012 yalipolifuta, wafanyakazi walikuja juu, wa migodini wakiwa mstari wa mbele, na serikali ikarudi nyuma. Mwaka 2018 hoja ikarudi kwa sura nyingine: michango ibaki kwa ajili ya uzee, na aliyekosa kazi apewe fao la muda. Hoja hiyo ina mantiki. Mtu aliyemaliza michango yake akiwa na miaka 34 atazeeka bila kitu. Lakini mageuzi yale yalibadilisha jambo moja ambalo wengi hawakuliona mapema. Chini ya kujitoa, sababu ya kuondoka haikuwa na uzito mkubwa. Ulichukua chako ukaenda. Chini ya fao la kukosa ajira, sababu ndiyo ufunguo. Barua iliyokuwa karatasi ya faili imegeuka kuwa hati ya bima, na waajiri wengi, pamoja na wafanyakazi karibu wote, wanaendelea kuiandika kwa mazoea ya zamani.

Arusha inalifanya tatizo hili kuwa gumu zaidi kwa sababu ya misimu. Masika yakianza, kambi za watalii hufungwa, magari huegeshwa, na wahudumu huambiwa neno moja: tutawaita. Halisemi umefukuzwa wala halisemi una kazi. Mtu anakaa Ngarenaro au Usa River akisubiri simu, Aprili inapita, Mei inapita, Juni anasikia nafasi yake imejazwa. Mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Madai mengine, kama mshahara usiolipwa, yana siku 60. Sasa siku 30 zihesabiwe tangu lini? Mwajiri atasema tangu Machi. Mfanyakazi atasema tangu aliposikia. Hapa mwanasheria mwerevu anaweza kufanya kazi ya maana kuliko hotuba yoyote: siku mteja anapoingia ofisini, amwandikie mwajiri barua ya heshima akiuliza hali ya ajira ya fulani ikoje, ataitwa lini, na michango yake ya NSSF inaendelea kupelekwa au imesimama. Jibu lolote litakalokuja litaweka tarehe, na hata ukimya wenye muhuri wa mapokezi una thamani yake. Asiyefanya hivyo atajikuta anaomba kuongezewa muda, na huko hutakiwa kueleza kila siku ya kuchelewa ilikwenda wapi. Mteja wako hatakumbuka alifanya nini tarehe 11.

Mwaka 2020 ulionyesha jambo hili kwa ukubwa wake. Watalii wa kimataifa waliokuja Tanzania walikuwa 1,527,230 mwaka 2019. Mwaka uliofuata walikuwa 620,867. Hakuna mji ulioihisi namba hiyo kama Arusha. Wapo waliopewa likizo bila malipo isiyo na mwisho, wapo waliosainishwa kukubali nusu mshahara, na wapo walioambiwa tu tutaonana hali ikitengemaa. Sheria inazo taratibu za kupunguza wafanyakazi kwa sababu za kiuendeshaji: mwajiri atoe taarifa ya kusudio lake, aweke wazi sababu, ashauriane na chama au wafanyakazi wenyewe juu ya njia za kuepusha upunguzaji, vigezo vya nani aondoke na malipo yao. Taratibu hizo zinamlinda mwajiri pia. Ajira iliyosimamishwa kwa maneno ya mdomo haikufungua madai wala haikuyafunga, na kwa mfuko wa hifadhi ya jamii mtu huyo hakuwa amekosa ajira kwa namna inayothibitika. Ukame wa wageni ulimpata kila mtu. Ukosefu wa karatasi ulimpata mfanyakazi peke yake.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza kwa anayeingia: jifunze fomu kabla ya nadharia. Fomu namba 1 ya CMA inaonekana rahisi, na ndiyo inayoua kesi nyingi. Inauliza aina ya mgogoro, tarehe ulipozuka, mahali, na matokeo unayotaka, na ina sehemu ya pili inayojazwa kwa migogoro ya kuachishwa kazi tu. Mfanyakazi anayeijaza mwenyewe huandika kwenye matokeo: haki zangu zote. Msuluhishi hawezi kupatanisha haki zangu zote. Anaweza kupatanisha siku 19 za mshahara, likizo ya mwaka ambayo haikuchukuliwa, notisi ya siku 28, kiinua mgongo cha miaka minane, nauli ya kumrudisha alikoajiriwa kama alitolewa mbali, hati ya utumishi, na fidia, kila kimoja kwa tarakimu yake. Nakala lazima ifikishwe kwa mwajiri na uthibitisho uambatishwe. Usuluhishi unapewa siku 30. Ukishindikana mgogoro unakwenda kwa mwamuzi, na asiyeridhika na tuzo ana wiki sita kuomba mapitio Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Mwajiri ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu halali na alifuata utaratibu. Mzigo huo ni zawadi ambayo mtetezi mzembe huitupa kwa kuanza kuongea sana.

Mwingine atasema: mimi bado si wakili. Hili ndilo eneo ambalo kisingizio hicho hakina nguvu. Mbele ya CMA mtu anaweza kuwakilishwa na mwanachama au kiongozi wa chama chake cha wafanyakazi, na wakili, au na mwakilishi aliyemchagua mwenyewe, na Sheria ya Taasisi za Kazi imeuacha mlango huohuo wazi katika Mahakama ya Kazi. Mhitimu wa shahada ya sheria kutoka Makumira, anayesubiri nafasi au matokeo ya Shule ya Sheria Dar es Salaam, anaruhusiwa kukaa pembeni ya mteja wake na kusema. Na kusubiri huko si kwa mzaha: mwaka 2022 nchi nzima ilizungumzia matokeo ya shule hiyo, watahiniwa 633 na waliofaulu moja kwa moja 26. Kijana anaweza kuukaa mwaka mzima akilalamikia mfumo wa mitihani, au akautumia kujaza fomu za watu 40 chini ya uangalizi wa wakili mzoefu au chama cha wafanyakazi. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua pia wasaidizi wa kisheria. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya utoaji haki, kwa hiyo mteja wako anaweza kusikia na kukukosoa papo hapo unapopotosha tarehe zake.

Pingamizi zito zaidi linatoka mtaani. Bima gani, watauliza, wakati nusu ya wanaofanya kazi mjini hapa hawana mkataba wala NSSF? Wagumu wanaobeba mizigo Kilimanjaro na Meru hulipwa kwa safari. Waongoza watalii wengi huitwa na kampuni tatu tofauti kwa msimu mmoja. Kwenye mashamba ya maua na mboga ya Nduruma, Tengeru na Usa River wapo vibarua wa siku, na viwandani Themi na Unga Limited wapo deiwaka waliozeeka wakiitwa wa muda. Pingamizi hili ni la kweli kwa nusu. Sheria ya Taasisi za Kazi inasema mtu anayemfanyia mwingine kazi huchukuliwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, kikithibitika hata kimoja kati ya vigezo kadhaa: anaongozwa namna ya kufanya kazi, saa zake zinapangwa na huyo mwingine, ni sehemu ya taasisi hiyo, amefanya kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu ya mwisho, anamtegemea huyo kiuchumi, amepewa vifaa, au anamfanyia yeye peke yake. Saa 45 kwa mwezi ni siku sita hivi. Kibarua anayevuna maharage machanga siku nne kwa wiki amezipita kabla mwezi haujafika katikati. Asichokuwa nacho ni ushahidi: daftari la mahudhurio liko kwa msimamizi, malipo yalitolewa mkononi. Mtetezi amfundishe kupiga picha orodha ya zamu, kutunza ujumbe wa malipo ya simu, kuandika siku zake kwenye kidaftari. Akithibitika kuwa mwajiriwa, ndipo swali la michango linapofunguka: kwa nini asilimia 20 ya mshahara wake, ambayo nusu hukatwa kwa mfanyakazi na nusu humtoka mwajiri, haikupelekwa? Kwa wale wasioajiriwa kweli, kama mgumu anayebadilisha kampuni kila wiki, sheria ya sasa haina jibu la kutosha, na ni afadhali kulisema hilo kuliko kuwauzia matumaini.

Swali la riziki nalo haliepukiki: utakula nini ukiwatetea wasio na kitu? Wateja hawa hawawezi kulipa ada ya kufungua faili. Ila huduma za CMA ni bure, na katika migogoro ya kazi mahakama haimpi anayeshindwa mzigo wa gharama isipokuwa shauri lilikuwa la upuuzi au usumbufu. Kwa hiyo anayedai hafi kwa gharama za upande wa pili. Wafanyakazi 30 walioachishwa siku moja wanaweza kudai kwa pamoja, na ada ndogo ya kila mmoja ikawa ada ya kutosha, iliyoandikwa na kusainiwa tangu mwanzo. Vyama vipo: TPAWU mashambani, CHODAWU mahotelini na majumbani, TUICO viwandani na biasharani, na vyote vinahitaji watu wanaojua kusoma mkataba wa hali bora kwa jicho la kisheria. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kina ofisi Arusha. Na mwajiri mdogo wa Njiro mwenye magari manne ya utalii angelipa kwa furaha kuandikiwa barua sahihi za msimu kabla ya masika, kuliko kulipa fidia baadaye. Wapo watakaoona hiyo ni usaliti. Mimi naona kinyume: barua sahihi ya mwajiri ndiyo hati itakayompa mfanyakazi fao lake. Ila usiwawakilishe mwajiri na mfanyakazi wake katika shauri moja.

Kisha wanakuja wanaosema fao hili litazalisha wavivu. Theluthi moja ya mshahara kwa miezi sita haijamfanya mtu yeyote mvivu. Haitoshi kodi na unga. Lakini pingamizi hili ni la zamani kuliko sisi na linastahili jibu la zamani. Uingereza ilipotunga Sheria ya Bima ya Taifa mwaka 1911, bima ya kukosa kazi ilianza na kazi za kupanda na kushuka: ujenzi, uundaji wa meli, uhandisi wa mitambo. Walilipa shilingi saba kwa wiki, mwisho wiki 15 kwa mwaka. Aliyeacha kazi kwa hiari bila sababu ya haki, au aliyefukuzwa kwa utovu wa nidhamu, hakupoteza yote. Alinyimwa wiki sita. Kwa hiyo waliuliza pia namna kazi ilivyoisha, ila jibu baya lilichelewesha fao badala ya kulifuta, na maneno bila sababu ya haki yalimwachia nafasi aliyelazimishwa. Afrika Kusini, mwajiri na mwajiriwa huchangia asilimia moja kila mmoja katika mfuko wa pekee wa bima ya kukosa ajira, na fao hupanda na kushuka kati ya asilimia 38 na 60 ya mshahara, wa kipato cha chini wakipata sehemu kubwa. Mji unaoishi kwa misimu kama Arusha unafanana na viwanja vya meli vya 1911 kuliko tunavyodhani, na hoja ya kuwa na masharti ya msimu kwa wahudumu wa utalii haihitaji kubuniwa upya.

Mpaka siku hiyo ifike, mtetezi anayo silaha ndani ya sheria iliyopo. Kujiuzulu kwa sababu mwajiri ameifanya kazi isivumilike kunahesabiwa na sheria ya 2004 kuwa ni kuachishwa. Barua ya mistari miwili kwa hiyo si mwisho wa mazungumzo, mradi aliyesaini afike ndani ya siku 30 na awe na kitu cha kuonyesha: ujumbe wa simu uliomtisha, barua nyingine tano zenye maneno yaleyale na tarehe ileile. Watu sita hawaachi kazi kwa hiari siku moja kwa sentensi moja. Ukilipata tamko la CMA au makubaliano ya usuluhishi yanayosema ajira ilisitishwa na mwajiri, lipeleke NSSF pamoja na maombi ya fao. Na omba mapema taarifa ya michango, maana mara nyingi ndipo inapogundulika kwamba makato yalikuwa kwenye karatasi ya mshahara tu. Miezi 18 inahesabika kwa michango iliyofika, na kumfuatilia mwajiri aliyekata bila kupeleka ni kazi ya mfuko, ukiupelekea karatasi za mishahara.

Subira nayo ina hesabu yake. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, iliyokuwa na makao yake hapahapa Arusha, ilivunjika mwaka 1977. Mgawanyo wa mali na madeni ulisainiwa mwaka 1984. Watumishi wa Tanzania, zaidi ya 31,000, walifungua shauri Mahakama Kuu mwaka 2003, na hati ya makubaliano na serikali ikaja Septemba 2005, miaka 28 baada ya ajira zao kukoma. Wengi walikuwa wameshafariki, na warithi wakabaki kuthibitisha nani alifanya kazi wapi kwa miaka mingapi. Nyuma zaidi, Wameru takriban 3,000 walipoondolewa Engare Nanyuki mwaka 1951, msemaji wao Kirilo Japhet alifika Umoja wa Mataifa mwaka uliofuata akiwa na hoja zilizoandaliwa pamoja na wakili Earle Seaton. Ardhi haikurudi kwa kura za New York, lakini hakuna aliyeweza tena kusema watu wale walihama kwa hiari yao.

Kila faili unalofunga, liwe la ushindi au la kushindwa, liache ukurasa mmoja wenye mambo matano: kazi gani, miezi mingapi ya michango, ajira iliisha kwa maneno gani, karatasi ilisainiwa saa ngapi na mbele ya nani, na fao lililipwa au lilikataliwa kwa sababu ipi. Ficha jina. Muswada wa hifadhi ya jamii ukifika tena kwenye kamati ya Bunge Dodoma na wadau wakaitwa kutoa maoni, utakuwa na kurasa 200 za Arusha mkononi.